Paji la Uso Lilikuja Kwanza

Kwetu Kitura, nasema kwenye ukoo wetu, wengine wana ya kwao, mtoto hapewi jina mpaka bibi yake amtazame usoni. Anamtazama, anasema huyu ni fulani amerudi, basi, jina ndilo hilo. Mwanetu Florian alipata jina kwa masikio tu. Wala hatukubishana.

Sasa binti yetu Edina alikwenda Ulaya kusomea unesi, akaolewa hukohuko, akajifungua mtoto wa kike. Akapiga simu kwa jirani yetu Raimundi, maana simu ya mkononi alikuwa nayo yeye, na ilishika pale juu kwenye mkaratusi tu, ukitoka kivulini imekata. Akasema ubatizo ni Jumapili na padri anataka jina. Twende Mbinga mjini kwenye duka la intaneti, picha ameshatuma, mama amtazame mtoto.

Mke wangu Walburga akamuuliza Raimundi hiyo picha itapitaje njia yote hiyo bila kuingia vumbi, maana ulikuwa msimu wa kahawa na barabara unaijua. Raimundi akasema haipiti barabarani. Walburga hakuridhika, lakini kesho yake, Ijumaa, alifunga kitenge kipya, mimi nikavaa kofia yangu, kahawa tukaiacha kwenye kichanja, tukadandia gari la wanunuzi binafsi.

Duka lenyewe lilikuwa karibu na soko. Zamani pale walikuwa wanauza chumvi na mafuta ya taa, lakini tangu soko huria lije, duka linalala linauza chumvi, linaamka linauza kitu kingine. Msichana wa pale aliitwa Restituta, kumbe mjukuu wa Gertruda wa Mpepai, niliyepata naye kipaimara. Alituamkia vizuri. Tukaulizana habari za kwao mpaka wateja wengine wakaanza kukohoa.

Akaifungua barua ya Edina, akatusomea. Salamu nyingi, mtoto anakula, mtoto analia. Halafu pale chini palipotakiwa kuwa na picha, pana kisanduku cheupe. Kitupu. Ila kwenye kona kuna kimsalaba chekundu, kimeinama kidogo.

Walburga alikitazama. Akakaa chini polepole, akafanya ishara ya msalaba.

"Amekufa," akasema.

Nami niliamini, nisikudanganye. Sanduku na msalaba, mtu wa kwetu atafikiri nini? Restituta akaacha kiti chake, akapiga magoti mbele ya bibi, akamshika mikono. Akamweleza kwamba mtoto mzima kabisa, kile kialama ni cha mashine, inasema picha imeshindwa kufunguka. Walburga akamjibu kwamba mashine yenye adabu isingesema namna hiyo.

Basi kazi ikaanza. Restituta aliita ukurasa upya, kisanduku kikarudi vilevile. Akatuhamishia mashine ya dirishani, vilevile. Mimi nikasema labda Edina kasahau kuiweka, tangu utotoni alikuwa akitumwa maji anarudi na ndoo tupu. Walburga akanikata jicho. Restituta akasema ngoja, babu, tujaribu kitu. Akafungua ukurasa wa gazeti, akasema huu siku zote umejaa picha. Ukaja maneno matupu, na visanduku na misalaba kila mahali, kama makaburi ya misheni.

Hapo Restituta akashika mdomo. Kumbe jana yake mtandao ulikuwa unatambaa kama kinyonga, na wateja wanalalamika, akazima picha kwenye mashine zote ili barua zipite upesi. Akasahau kuziwasha.

"Ni mimi, babu. Mnisamehe."

Nikamwambia asijali. Mimi niliwahi kuziba mfereji ninyweshee kitalu cha miche, nikaenda zangu kunywa pombe, jirani wa chini akakaa na mabomba ya mianzi makavu mpaka jioni. Ukiziba, ukumbuke kuzibua. Akacheka, akaingia mahali fulani, akaweka alama ya vema, akaita ukurasa tena.

Msalaba ukaondoka. Picha ikaanza kuja, lakini kwa kushuka, ukanda kwa ukanda, kama mtu anavuta pazia kwenda chini. Likaja paji la uso. Pana, limetokeza.

Nikasema huyo ni mama yangu, Yuliana, mwandike haraka. Walburga akasema subiri, mtu hasomwi kwa paji. Zikaja nyusi, nikasema si nimewaambia. Yakaja macho, yamefumba, hayasaidii upande wowote. Pua ikafika nusu, picha ikasimama. Restituta akasema tusiguse kitu. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikaanza kumsifu marehemu mama yangu, upole wake, ugali wake. Walburga hanisikii. Anakiambia kioo kwa Kimatengo, njoo mwanangu, njoo, shuka.

Pua ikamalizika. Ukaja mdomo.

Mdomo wa chini umesukumwa mbele, umebinuka, kama wa mtu aliyeletewa mboga bila chumvi. Mdomo ule naujua. Ndio uliowatazama mbuzi wangu wa mahari, mmoja mmoja, bila kusema neno.

"Baba Edina," Walburga akasema, machozi yanamtoka, anacheka. "Vua kofia."

Mbele ya mama mkwe, kwetu, hukai na kofia. Nikaivua. Restituta alikuwa anatutazama, vidole viko tayari, akauliza basi aandike nani.

"Margareta," nikasema mimi mwenyewe. Halafu nikakigeukia kioo, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."