Kitenge cha Mama Juu ya Kuni

Kuuliza si ujinga, lakini Léoncie, fundi cherehani wa Kinama, hakuuliza. Madamu Kirsten, Mdenishi aliyepanga nyumba kando ya ziwa, alimwagiza mwanasesere wa kike wa kimo cha mtu, aliyejazwa nyasi kavu, kwa ajili ya sikukuu ya kwao. Léoncie akadhani ni wa watoto. Mama yake mzazi, kwa moyo mweupe, akatoa kitenge chake kikuukuu chenye ndege wekundu ili amvalishe.

Siku ya sikukuu walialikwa wote wawili. Waliposhuka kwenye basi, mama akalalamikia magoti. "Tangulia tu," alisema. Léoncie akatangulia. Langoni akaona rundo la kuni refu kupita ukuta, wageni wakiimba na glasi mkononi, na juu kabisa, amefungwa kwenye mti, mwanasesere wake.

"Banafanya nini?" akamwuliza Massoudi, mlinzi.

"Ile ni mulozi, muchawi. Kwabo kila mwaka, tarehe makumi mbili na tatu ya mwezi wa sita, banachoma mulozi."

Léoncie akageuka kutazama njia. Mwaka ule Gatumba, walikokuwa wakiishi, ilipofurika, majirani walisema mama yake ndiye aliyeyaita maji. Walimtoa nje, wakachoma godoro lake, nao pia waliimba. Na sasa mama huyohuyo yuko njiani, anajikokota na magoti yake mabovu, aje kuona watoto wakichezea kitenge chake!

Alimkimbilia Kirsten. "Madamu, mumushushe! S'il vous plaît!"

"Usiogope, ni mchezo," Kirsten alicheka. "Hafi. Anaruka tu angani, anaenda zake mlimani, mbali."

"Na mama yangu balimuambia vile: aende mbali."

Kirsten hakuelewa, na mgeni mmoja alikuwa ameshawasha kiberiti na kukitia kwenye kuni.

Basi Léoncie akavua kandambili, akapanda. Kuni zilimkwaruza miguu, moshi ukamwingia machoni. Akakata kamba kwa meno kama akatavyo uzi. Nyimbo zilikoma. Alimkumbatia mwanasesere wake juu pale, asijue ashukie upande gani.

Sauti ikamwita kutoka langoni.

"Shuka, mwanangu. Ile si mi. Mi niko hapa."