Mirihi katika Nyumba ya Saba

Tangu Mzee Venkanna apofuke, binti yake Malati ndiye aliyemsomea nyota za wachumba. Yeye alisoma, baba akahukumu. Mji mzima wa Dharwad, kule India, ulimwamini mzee yule, na haikuwa ajabu kwa wateja kunywa kahawa ya Malati bila kumuuliza hata jina. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, hajaolewa.

Asubuhi moja alikuja Indumati, mama wa bwana harusi mtarajiwa, pamoja na mchumba wa mwanawe, msichana aitwaye Chaitra.

"Wameshapendana, Mzee," alisema Indumati. "Ila mimi bila neno lako sitii mguu kwenye harusi hiyo."

Malati alizifungua karatasi mbili za nyota za wachumba hao. Alama za kupatana kwao zilikuwa nzuri, ishirini na sita kati ya thelathini na sita. Kisha akaiona sayari ya Mirihi ya Chaitra imekaa nyumba ya saba, nyumba ya ndoa. Mwanamke wa hivyo husemwa kwamba humzika mumewe. Chaitra alikuwa akiukunjakunja upindo wa sari yake, macho chini.

"Mirihi?" aliuliza baba.

"Nyumba ya sita."

Mzee akauliza, "Kazaliwa lini vile, na saa ngapi?"

Malati akamtajia. Kidole gumba cha mzee kikaanza kuhesabu kwenye pingili za vidole, polepole, kikarudi kilikoanzia.

"Soma tena."

"Nyumba ya sita, Appa."

Indumati akacheka kwa wasiwasi. "Mzee, usinitishe, nina shinikizo la damu mie!"

"Waoane," alisema mzee.

Walipoondoka, Chaitra akigeuka mara mbili kumtazama Malati, baba aliendelea kukaa pale pale.

"Ile ni ya saba. Kama yako."

"Najua."

"Alipokuja kukuposa Shripad, yule mwalimu, mbona hukunidanganya?"

Malati alikuwa akikusanya vikombe. "Wakati ule ulikuwa unaona, Appa. Na ulimwambia mama yake kabla hajamaliza kukaa."

 Siku ile mzee hakula mchana.

Mwezi wa Vaishakha, msimu wa harusi, kadi ya harusi ikaletwa. Baba hakuweza tena kutembea mbali, hivyo Malati akaenda peke yake, akavaa sari ya hariri ya marehemu mama yake. Chaitra alikuwa kazingirwa na watu jukwaani, hakumwona. Kwenye chakula, bibi mmoja aliyekaa kando yake alimsogezea kitamutamu cha nazi kwenye jani la mgomba.

"Kula, mwanangu. Una watoto wangapi?"

"Sina, bibi."

"Na mumeo yuko upande wa wanaume?"

"Sina."

"Aa," alisema bibi, akageukia jirani wa upande wa pili.

Malati alikila kitamutamu chote. Akanawa, akapanda bajaji, akarudi nyumbani kumsimulia baba jinsi bibi harusi alivyopendeza.