Gari Lisilotetemeka

Mwidani alikuwa amechoka, na si uchovu wa kazi tu. Mkewe, Mwanasaumu, alipatwa na kiharusi kabla ya Ramadhani, upande wa kushoto ukafa ganzi, na tangu hapo usiku wa Mwidani ukawa wa kumgeuza, kumwosha na kumnywesha maji kwa kijiko. Alfajiri alivuka kwa feri kutoka Likoni, akashika njia ya Changamwe, kwenye yadi ya magari yanayoshushwa melini. Kazi yake ilikuwa kuyaendesha hadi mahali pa kuegeshwa. Mchana binti wa jirani alimchungulia mgonjwa. Ndivyo alivyoambiwa, naye hakuwa na nguvu za kuuliza zaidi.

Watu walimshauri amwite Mwanabibi, dada wa mkewe, mjane anayekaa Mtongwe, si mbali. Mwidani hakutaka kusikia. Zamani, arusini, Mwanabibi alisema mbele za watu kwamba dada yake ameolewa na bwana wa magari ya wenyewe, asiyemiliki hata usukani. Mwidani akaapa palepale: "Wallahi, huyu hakanyagi ndani ya nyumba yangu!" Ulimi hauna mfupa, na wa Mwidani haukuwa hata na breki. Miaka ikapita, kiapo kikabaki. Sasa aliona heri afe wima kuliko kwenda kumwangukia shemeji yake. Angeshika kazi kwa mkono mmoja na mgonjwa kwa mwingine, basi.

Siku hiyo yadini lilifunguliwa kontena kwa adabu, kama sanduku la bibi harusi. Ndani mlikuwa na gari la maonyesho, la pekee, jeusi, tumbo karibu liguse chini. Liliundwa kwa ufundi wa yale magari yanayoshindana mchana na usiku. Nyuma lilikuwa na injini ya petroli, mbele mota za umeme. Lilisindikizwa na mhandisi kijana kutoka Nairobi, Rispa.

"Hii gari ikifunga breki, mzee, inarudisha nguvu kwa betri," Rispa alimweleza.

"Yaani ikipunguza mwendo ndipo inaposhiba?"

"Hapo hapo."

"Ina bahati," akasema Mwidani. "Na dereva wa hayo mashindano, halali?"

"Wanakuwa watatu. Mmoja anaendesha, wengine wanalala. Akichoka, anatoka, mwenzake anaingia."

"Na akikataa kutoka?"

Rispa akacheka. "Hakuna kukataa, mzee. Dereva amechoka ni hatari kwa kila mtu."

Mwidani hakucheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na msichana huyu hakuwa na kosa.

Lenox, msimamizi wa yadi, alimchagua Mwidani aliendeshe kwa sababu hajawahi kukwaruza gari la mtu. Alilitoa kontenani vizuri, akalisogeza hadi nyuma ya lori litakalolibeba. Sasa alitakiwa angoje, mguu kwenye breki, wakati Rispa, aliyesimama mbele ya gari, akisoma vipimo kwenye kompyuta yake.

"Usiiachilie breki," Rispa alimwambia. "Iko on kwa umeme, hata kama huskii kitu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Miaka yote hiyo injini ndizo zilizomweka Mwidani macho. Lori la dizeli humtikisa dereva hadi meno. Hata kigari kidogo huvuma matakoni. Akisinzia, chuma humzindua. Hili halikutetemeka. Kiti kilimshika kiunoni, hewa baridi ikampuliza usoni, na palikuwa kimya. Akafumba macho, eti apumzishe kope tu.

Kishindo kikamwamsha. Mguu ulikuwa umelegea, na gari lilikuwa limetambaa bila sauti mpaka likagonga lori. Rispa alikuwa ameruka pembeni, kompyuta kaikumbatia kifuani. Alikuwa mzima, alhamdulillahi. Lakini pua ya gari ilikuwa imepasuka.

"Mzee," Rispa akauliza, "ulikuwa umelala?"

Angeweza kusema kiatu kimeteleza. Hata uongo unataka nguvu.

"Nilikuwa nimelala, binti yangu."

Lenox hakumfokea, na hilo ndilo lililomtisha. "Nenda nyumbani upumzike, Mzee Mwidani. Tutakupigia simu." Kila mtu yadini alijua kwamba simu hiyo haipigwi.

Alifika Likoni jua likiwa kali, akapita uchochoroni kichwa chini, akiona aibu hata kwa kuku. Atamwambia nini Mwanasaumu? Dawa atanunua na nini? Akafungua mlango, akaingia chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu.

Kisha akasikia maji yakimiminwa uani.

Mwanasaumu alikuwa amelazwa kwenye mkeka, chini ya kivuli cha mwarobaini. Kando yake Mwanabibi alikuwa amechutama, akiukanda ule mguu uliokufa kwa maji ya moto. Alipomwona Mwidani akasimama upesi, akajitanda leso yake.

"Sijaingia ndani, shemeji," akasema. "Wallahi sijaingia. Jirani na bintiye humtoa kwa mkeka, nami humngoja hapa. Kiapo chako kingali kizima."

"Tangu lini?"

"Tangu alipougua."

"Mimi... nilimwita," Mwanasaumu akasema kwa shida, mdomo ukivutika upande.

Mwidani akatazama mchanga. Ulikuwa umejaa michirizi ya mkeka ukivutwa kufuata kivuli, mingine ya leo, mingine ya zamani. Hata sasa jua lilikuwa limeshaifikia miguu ya mkewe. Alijiona mwanamume aliyebeba nyumba peke yake, kumbe mchana wote ilibebwa na mtu aliyemkataza mlango.

"Ingia ndani, Mwanabibi."

"Na kiapo?"

"Nitakitolea kafara."

"Ni kulisha maskini kumi, shemeji," Mwanabibi akamkumbusha taratibu. "Asiyeweza hufunga siku tatu. Wewe unafanya kazi, utaweza."

Mwidani akaketi mchangani, karibu na kichwa cha mkewe.

"Siwezi," akasema. "Tangu leo mimi mwenyewe ni mmoja wa hao kumi. Itabidi nifunge."

Wanawake wakatazamana. Mwanabibi aliinama, akashika ncha mbili za mkeka upande wa kichwani, akangoja Mwidani ainuke ashike za miguuni.