Mandazi ya Kukimbia Nayo

Kwenye benchi la kliniki ya Lodwar, Marie-Claire hakukalika. Mara afunge kitenge, mara akifungue, mara amtazame bintiye Daniella, msichana wa miaka kumi na mmoja anayehema kwa kukaa tu. Walikuwa wameambiwa kwamba sukari inamnyemelea mtoto. Dawa yenyewe haikuwa kidonge, ilikuwa nyumba nzima kubadilika: chakula kimoja kwa wote, soda marufuku, na jioni wote watembee hadi barabara kuu. Hata Ilunga, baba wa mtoto, aliacha soda yake ya Jumapili baada ya ibada, akanuna wiki nzima.

Leo mizani imepanda.

"Mama Daniella, kuna chakula kinaingia," akasema muuguzi Akuwam. "Tukiendelea hivi tutafika kwa sindano. Nani anampa?"

Marie-Claire alijua. Kila jioni, akitandika kitanda, hufunga mandazi kitambaani na kuyaweka upande wa kichwa cha Daniella. Walipokimbia vita kwao Uvira, Kongo, walitoka mikono mitupu, na Shalom, kifungua mimba wake, akafa njaa njiani. Tangu hapo aliapa mtoto wake hatalala bila chakula cha kukimbia nacho. Asubuhi kitambaa huwa kitupu, naye hufurahi, Mungu amsamehe!

"Ni miye," Daniella akasema kwa Kiswahili cha kwao, macho chini. "Naibaga mandazi ya mama."

Akuwam akamgeukia mtoto, kidole juu. Aibu ikamchoma Marie-Claire mpaka akasimama.

"Hapana! Hajaiba. Ni miye njo namuwekeaga." Akasimulia yote, na jina la Shalom, ambalo halikuwa limetajwa nyumbani kwake miaka mingi, likamtoka kwa kilio.

Akuwam akashusha kidole. "Na wewe, Daniella, unakula ya nini kama huna njaa?"

"Nikiyaacha, mama halali. Anazunguka nyumba mpaka asubuhi."

Waliporudi kwao, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Marie-Claire alitandika kitanda bila kufunga kitu. Mikono ilimwasha. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Kutoka kitandani Daniella alikuwa akimfuata kwa macho, kichwa kimeinuka.

Basi akajilaza kando yake, akafumba macho na kuvuta pumzi nzito kama aliyezama usingizini, ili mtoto naye apate kulala.