Ng'ombe wa Pili

Futi nane. Wawira alilipima shimo kwa kamba ya mafundo, kisha akalipima tena, ingawa alijua halikuwa limeongezeka tangu jana. Alilichimba peke yake kwa wiki tatu, katika ule ukungu wa Julai unaokaa Dundori mpaka saa nne asubuhi, na viganja vilikuwa vimechubuka hivi kwamba sasa alimkamua ng'ombe kwa vidole viwili viwili. Jikoni, bintiye Sally alikohoa. Wawira akaacha kamba, akaenda, akausukuma mlango wa jikoni, ingawa ulikuwa wazi tayari, ili moshi utoke.

Kwenye baraza la chifu wanakijiji walikuwa wameambiwa hivi: anayetaka gesi ya samadi achimbe shimo na awe na ng'ombe wawili wa kulishwa zizini. Simenti, fundi na jiko vitatoka kwa serikali. Nesi wa zahanati naye alikuwa amesema kifua cha mtoto hakitapona ndani ya moshi wa kuni. Wawira hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Siku hiyo alikuja Ngigi, mwenyekiti wa kamati ya mradi, kukagua. Shimo hakulitazama. Alitazama ng'ombe wa pili zizini, mtamba ambaye hajazaa bado.

"Huyu mweupe umemwita nani?"

"Nyakeru."

"Ni mzuri. Lakini Mama Sally, majina ni mengi na nafasi ni sita. Si uniwekee huyu kwangu mpaka orodha ipite? Hapo nitajua hauchezi."

"Nikuwekee aje, mwenyekiti?"

"Kwani wazee wetu hawakuwa wakiwekeana mifugo? Ng'ombe analala kwa rafiki na anabaki wako." Alicheka kidogo. "Ama mimi si rafiki?"

Kumwekea mtu mnyama ilikuwa heshima. Kukataa ni kumwambia mtu mzima machoni kwamba ni mwizi. Saa sita haijafika, Wawira alikuwa barabarani na Nyakeru, akitembea haraka kuliko ng'ombe, akivuta, akisimama, akivuta tena.

Afisa alikuja Septemba kutoka Nakuru, msichana aliyeitwa Jepkorir, buti mpya miguuni. Aliinama juu ya shimo.

"Hii umechimba poa, mathe. Ng'ombe?"

"Wawili. Mmoja yuko kwa mwenyekiti."

"Mimi naandika wale naona."

"Twende nikuonyeshe. Ni hapo tu."

"Natoka huko." Jepkorir alirudisha ukurasa mmoja nyuma. "Mzee Ngigi, ng'ombe wawili. Mmoja mweusi, mmoja mweupe."

"Mweupe ni wangu."

Kalamu ikasimama. Huko barabarani dereva wa ofisi alipiga honi.

"Uko na kitu imeandikwa?" Jepkorir aliuliza, kwa sauti ya chini, kama anayeomba awe nacho.

Wawira alifungua mkono, akaufunga. Marafiki hawakuwa wakiandikiana.

"Pole, mathe," msichana akasema, na akaandika: mmoja.

Mvua za Oktoba zililijaza shimo nusu. Wawira hakuweza kukaa. Alifagia palipofagiwa, alianza barua kwa ofisi akaichana, na mwishowe akambeba Sally mgongoni wakaenda kudai ng'ombe.

Ngigi hakubisha.

"Ni wako, nani amesema si wako? Lakini ameshavishwa hereni ya mradi." Kwenye sikio la Nyakeru kilining'inia kibao cha njano chenye nambari. "Ukimtoa watang'oa jiko walilonipa, na hiyo ni kesi ya serikali. Wacha akae. Wewe uwe ukileta nyasi asubuhi, asikonde. Karibuni chai."

Nyakeru alikuwa ameisikia sauti ya Wawira na kusukuma kichwa kati ya mbao za zizi. Wawira alimgusa pua, akapita.

Jikoni mwa Ngigi kuta zilikuwa nyeupe. Moto wa buluu ulivuma chini ya sufuria, na juu yake hakukuwa na kitu ila mvuke. Sally aliketi kwenye kigoda akiutazama. Hakukohoa. Chai ilichemka, ikachujwa, ikamiminwa, na bado hakukohoa.

"Mama, tukae kidogo," akanong'ona.

"Kunywa, Mama Sally, inapoa," Ngigi alisema. "Nikuongeze?"

Wawira alikuwa bado na kikombe kizima. Alikunywa tone, akakishusha gotini, akasikiliza mwanawe akipumua. Akanywa tone lingine, dogo zaidi.