Bonde Lisilo na Mlango wa Nyuma

Fakri alikamatwa uwanja wa ndege wa Ouani, kisiwani Ndzuani, na ramani kwapani, na ukiuliza kosa lake lilikuwa nini, basi ndilo hilo hilo, ramani. Nyakati zile mamluki ndio waliokuwa wenye nchi, na mtu akichora mlima walitaka kujua anamchorea nani. Wakampakia ndege aliyokuwa apande mwenyewe kwa nauli yake, wakamshusha Moroni, kisiwa cha Ngazidja, na kumtia kambini.

Mkewe, Zaharia, alipopata habari hakupoteza wakati kwa kulia. Alijitupia buibui, akatoka nyumbani kwake Badjanani, akapita vichochoro hadi barabara ya kambini, na tangu hapo akawa mtu wa langoni. Akifukuzwa anarudi. Akitukanwa anaitikia salamu. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu maji yalikwisha kumfika puani.

Wote wawili walikuwa walimu wa jiografia. Fakri ni mtoto wa Mutsamudu, akaja kukaa nyumbani kwa mkewe kama ada inavyotaka, lakini moyo aliuacha kwao Ndzuani kwenye mito. Ngazidja hakuna mto, mlima unakunywa mvua yote, haubakishi hata ya kulowesha kisigino. Kwa hiyo kila likizo alivuka kwenda kupima mabonde ya kwao: upana wa sakafu ya bonde, urefu wa kuta zake, na mto umeegemea upande gani. Akirudi, Zaharia anapiga hesabu. Bonde pana lenye sakafu tambarare, ardhi yake imetulia zamani. Bonde jembamba, kuta wima, mto unachimba kwenda chini kwa pupa, basi hapo ardhi bado inanyanyuka. Ndiyo kazi yenyewe, haina bunduki wala siasa ndani yake.

Hatimaye mzungu mkuu wa kambi akamwita ndani. Alikuwa mtu mpole wa maneno, na upole wake ulimtisha Zaharia kuliko kelele.

"Nina askari waliotoroka," alimwambia kwa Kifaransa. "Wako milimani juu ya Mutsamudu. Mumeo anawachorea njia."

"Anapima ardhi, bwana. Anataka kujua ni wapi inapoinuka."

"Basi njoo kesho unisomee karatasi yake, maana yeye hataki kusema kitu. Nikiridhika kwamba ni masomo tu, utamchukua."

Zaharia alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Karatasi ile aliijua kama anavyoijua Fatiha! Lakini barazani alimkuta wifi yake, Hayati, ametoka Mutsamudu, shiromani aliyojitanda imemkaa upande, uso umemvimba kwa kulia.

"Wifi," alisema Hayati hata kabla ya kuketi vizuri, "Combo naye ni katika waliotoroka. Kaka alipokwisha kukamatwa ndipo mwanangu alipopanda. Yuko Mro Mdogo."

Zaharia alikaa chini. Kati ya mabonde yote ya kisiwa kile, kijana amekwenda kujitia Mro Mdogo! Ndilo jembamba kuliko yote, kuta zake hata mbuzi hapandi, na kichwani limezibwa na mwamba. Ukiweka watu wanne mdomoni umelifunga kama chupa.

"Kesho nitaulizwa habari za bonde hilo," alisema.

"Nilijua watakuuliza ramani ya kaka. Ndiyo maana nimekuja. Mimi sina mwingine, na Combo ni mtoto wa Fakri kuliko wangu. Mjomba ndiye aliyemtahiri, ndiye aliyemsomesha."

Ilikuwa kweli, na Zaharia aliijua kweli hiyo. Kumwambia Fakri, nimekutoa kifungoni kwa kumtoa mtoto wa dada yako, ni bora asitoke. Lakini angewezaje kumwacha mumewe mle?

Asubuhi mzungu alimtandazia karatasi mezani: mistari ya mito na namba pembeni, hakuna zaidi. Akaanza kumwuliza bonde moja moja. Hili ni pana? Jembamba? Mtu akiingia huku, anatokea wapi? Zaharia alijibu yote kwa ukweli, kwa sauti ya darasani. Hapa ardhi imetulia. Hapa mto umesukumwa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia unanyanyuka. Hapa kuna njia, hapa hakuna.

Wakafika Mro Mdogo.

"Namba hii inaonyesha bonde jembamba sana," alisema mzungu.

"Ni kwa sababu mume wangu alipimia pale lilipobanwa na miamba," alisema Zaharia. "Ukipita pale linafunguka. Juu mlima umebonyea kama tandiko la punda, mtu anavuka na kushukia upande wa pili bila taabu."

"Bila taabu?"

"Wanawake wanapita na kuni kichwani."

Mzungu aliitika kwa kichwa, akasikiliza mabonde yaliyobaki mpaka mwisho. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine yenye maandishi ya Fakri na kuiweka kando ya ile ya kwanza.

"Mumeo alikwisha kunisomea yote juzi," alisema. "Mmekubaliana kila mahali ila hapa. Milima ile ina mabonde mengi, bibi, nami nilikuwa sijui nianzie lipi. Ahsante. Mwalimu wako ni mkweli, mchukue."

Zaharia hakukumbuka alivyotoka. Alikumbuka jua tu, na Fakri akitolewa langoni, amekonda, ndevu zimemjaa, anacheka.

"Nilijua utanitoa," alisema, akamshika mkono. "Yule bwana amesikia somo zima. Mro Mdogo ndilo lililomvutia zaidi. Nilimwambia, hili ndilo bora kuliko yote, kuta zimesimama wima, halina pa kutokea. Nawe ulimwambia hivyo hivyo?"

Lori lilitoka kambini nyuma yao, askari wamejaa, likashika barabara ya uwanja wa ndege.

"Fakri," alisema Zaharia. "Combo yumo Mro Mdogo. Nilijaribu kumficha. Kwa kumficha nimewaonyesha alipo."

Fakri alimtazama mkewe, akalitazama lori. Aliuachia mkono wake, akarudi langoni mbio na kuanza kupiga mabati kwa viganja.

"Nilidanganya," alipaza sauti. "Mwambieni mkubwa wenu, mimi ndiye niliyedanganya. Mke wangu kasema kweli. Lile bonde lina njia. Nifungeni."

Hakuna aliyemfungulia.