Kidole cha Shemeji

Kazi yangu hainitii kinyaa. Nimelala chini ya magari yanayovuja, nimetoa panya mkavu kwenye chujio la hewa, nikanawa na kula kama kawaida. Lakini kidole cha shemeji yangu kilinishinda.

Injini ilikuwa ya gari la dada yangu mkubwa, analosambazia mikate. Ilinoki, vyuma vya ndani vikagongana mpaka ikazima, nikaifumua yote na kuanza kuiunda upya. Bekari walimwambia wazi: gari likiwa barabarani kesho alfajiri, njia yake ya mikate inabaki yake. La sivyo anapewa mwingine. Kwa hiyo sikutaka mchezo, na mafuta nilichagua mwenyewe. Beringi nilizipaka mafuta mekundu yanayonata, ambayo injini ikiwaka huyeyuka na kuchanganyika na oili. Kwa kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, nilinunua dawa nyeusi, nzito kama uji. Ya kuwashia injini mara ya kwanza nilichukua oili ya kawaida kabisa, si ile ghali inayoteleza mno, maana pete mpya za pistoni lazima zisuguane kidogo na silinda mpaka zizoeane.

Ilibaki kupaka kamshafti na kufunga kifuniko. Nikatoka kutafuta gasketi mpya ya kuzuia oili isivuje.

Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa gasketi ya zamani. Shemeji alikuwa ndani ya gari, ufunguo mkononi, meno yote nje. Dada alisimama pembeni akimpigia makofi.

"Shem, pole na jua," akasema shemeji. "Kazi nimemaliza."

Nikatazama meza. Dawa nyeusi ilikuwa na lakiri yake, haijaguswa. Pembeni kulikuwa na kopo la grisi ya magurudumu, lile linalokaa wazi chini ya sinki, lenye nywele na mchanga. Katikati yake palikuwa na mtaro wa kidole.

"Umepaka nini?"

"Grisi! Kile kiuji chako kitadondoka chote. Halafu nikaona kuna matundu matupu huko ndani, nikayajaza." Akanionyesha kidole kilichofanya kazi hiyo, kisha akakitumia kuchokonoa jino.

Yale matundu ndiyo njia za oili. Alikuwa ameiziba injini koo, na bado anataka pongezi.

"Usiwashe," nikamwambia.

"Wewe unapenda makuu tu. Mafuta ni mafuta."

Dada akatutazama kwa zamu, mumewe na mdogo wake. "Mwenzenu nimsikilize nani?"

Sikubishana. Nikapasha oili kwenye sufuria ya karakana, nikadondosha dawa nyeusi. Ikayeyuka, ikapotea. Nikadondosha grisi yake. Ikaelea, mabonge mabonge, unywele mmoja ukichungulia. Nikakoroga, mabonge yakabaki vile vile.

"Haya ndiyo yatakayokwenda kuziba chujio," nikasema. "Oili haitapanda. Injini itanoki kabla hujafika bekari."

Dada aliuangalia ule unywele muda mrefu. "Ukifungua, utamaliza lini?"

"Kuosha njia zote? Kesho jioni, nikikazana."

Hakulia. Akamnyooshea mumewe mkono, akachukua ufunguo, akautia mfukoni.

Shemeji akashuka, akatoa simu na kumpigia bosi wa bekari mwenyewe. Nilidhani anakwenda kuomba msamaha. "Bosi, samahani sana, kesho hatutafika. Ni huyu fundi, ametuangusha. Si unajua tena, mafundi wa kike..."

Alisema hivyo mbele yangu, na grisi bado imejaa kwenye kucha. Kinyaa kilinipanda.

Dada akamnyang'anya simu.

"Bosi, shikamoo. Ni mimi mwenye gari. Fundi hajakosea kitu. Ni mume wangu, ameingiza uchafu kwenye injini." Akasikiliza. "Nimeelewa. Mpeni huyo mwingine. Asante."

Shemeji akamsogelea, akataka kumshika bega. "Mke wangu, mimi nilitaka kusaidia..."

"Usiniguse na hicho kidole."

Simu ilikuwa na alama ya grisi pale shemeji alipoishika. Dada akaokota tambara, akaifuta, akageuza upande safi, akaifuta tena. Kisha akakunja mikono ya blauzi yake na kuniuliza spana iko wapi.